Wimbo Usiorekodiwa Hauingii Mashindanoni

Katika mji wa Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ambamo malori hupanga foleni kwenda mpakani, yuko mzee mmoja mstaafu wa bendi ya polisi. Kwa majirani wake, Novemba ni mwezi wa kuangalia kama mvua zitatosha kukomaza maharage. Kwake yeye, Novemba ni mwezi wa orodha. Orodha ikisomwa, mkewe huondoa vikombe mezani mapema, maana anajua kwamba meza itapigwa ngumi.

Orodha hiyo ni ya wanaoteuliwa kuwania tuzo za Grammy, zitolewazo kila mwaka huko Marekani na chama cha watu wa kazi ya kurekodi muziki, kiitwacho Recording Academy. Tuzo hizo zilianza kutolewa mwaka 1959, na umbo lake ni la gramafoni ndogo ya rangi ya dhahabu. Siku hizi mafungu ya mashindano yamezidi 90. Katika mafungu mengi hutangazwa majina matano, na mshindi hujulikana miezi michache baadaye. Watu wengi huyatazama mafungu ya nyimbo za vijana. Mzee huyaruka hayo yote, akaenda moja kwa moja mwisho wa orodha, mahali unapowekwa muziki wa kiklasiki, yaani muziki wa Ulaya ulioandikwa kwa nota, kama ule wa Bach, Mozart na Beethoven.

Asidhani msomaji kwamba muziki wa namna hiyo ni mgeni kambini. Kila askari aliyepita mbele ya jukwaa siku ya gwaride amekanyaga ardhi kwa mapigo yaliyoandikwa katika karatasi. Kila aliyesimama wima wimbo wa taifa ukipigwa, ule uliotungwa na George Kakoma na kupokewa mwaka 1962, amesikiliza kazi ya mtunzi aliyejua kupanga sauti moja juu ya nyingine. Mzee huyu naye aliingia polisi akiwa kijana asiyejua lolote isipokuwa nyimbo za kanisani. Akapewa klarineti, akafundishwa kusoma nota, na baada ya miaka michache akaanza kuota usingizini mistari mitano na vichwa vyeusi vya nota. Alistaafu akiwa koplo. Klarineti aliirudisha stoo ya serikali kama kanuni zinavyotaka, lakini masikio alirudi nayo nyumbani.

Tangu hapo ana daftari. Zamani alisikiliza redio ya mawimbi mafupi usiku, akiandika majina kwa kubahatisha herufi zake. Sasa mjukuu wake wa kidato cha pili humsomea orodha kutoka kwenye simu. Mzee huandika kila jina la fungu la kiklasiki, kisha pembeni huweka neno moja kati ya matatu: sawa, si sawa, au sijasikia. Katika kurasa za zamani limo mara kwa mara jina la Georg Solti, mzaliwa wa Hungaria aliyeiongoza okestra ya Chicago, na aliyejipatia tuzo 31, idadi ambayo hakuna mwanamuziki aliyeipita hadi Februari 2023, mwimbaji Beyoncé alipofikisha 32. Siku hiyo mzee aliandika katika daftari, kwa herufi kubwa, kwamba kiongozi wa okestra alikaa kileleni miaka mingi kuliko waimbaji wote wa dansi. Wajukuu wakacheka sana. Yeye hakucheka.

Ghadhabu yake hasa haitokani na nani amemshinda nani. Inatokana na jambo moja alilolisema kila Novemba kwa miaka mingi: kwamba okestra ni zilezile, miji ni ileile, na kwamba wapimaji hao wana mizani isiyofika Afrika Mashariki.

“Kila mwaka wanatusahau,” husema.

Mtu anayethubutu kumjibu ni rafiki yake wa upande wa Kenya, mwalimu mstaafu aliyefundisha kwaya za shule kwa muda mrefu. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia kilipofunguliwa rasmi Februari 2018, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, na Mwalimu huvuka bila taabu kuja kunywa chai. Yeye humwita mwenzake Afande, kwa utani, akijua vyema kwamba koplo haitwi hivyo na wakubwa wake.

“Afande,” alimwambia mwaka mmoja, “huku kwetu mashindano ya muziki yalianza mwaka 1927. Jaji huketi mbele ya kwaya, akasikiliza, akaandika katika karatasi: sauti ya tatu ilishuka, matamshi hayakuwa safi, mwendo ulikuwa mzuri. Mtoto akishindwa, anajua alikoshindwa. Hao wako wanaandika sababu?”

“Hawaandiki.”

“Basi kwa nini unawakasirikia kama kwamba walikusikia wakakukataa? Hawakukusikia.”

Maneno hayo yalimchoma mzee, lakini yalikuwa ya kweli, na yafaa yaelezwe kwa watu wote wenye mawazo kama yake. Tuzo hizo hazipimi muziki wote uliopo duniani. Zinapima rekodi. Kwanza kazi sharti iwe imerekodiwa, ikatolewa kwa umma huko Marekani ndani ya muda uliowekwa kwa mwaka ule. Pili, sharti mtu aipeleke kushindana, maana hakuna mjumbe anayezunguka vijijini kutafuta waimbaji. Tatu, wanachama wa chama hicho, ambao wenyewe ni watu wa kazi ya muziki, hupiga kura mara mbili: mara ya kwanza kupata wateule, mara ya pili kupata mshindi. Kura za watu maelfu hazina sababu moja inayoweza kuandikwa katika karatasi. Kwa hiyo kutokuwamo katika orodha si hukumu ya ubaya. Aghalabu ni dalili ya kutofika mlangoni.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika daftari la mzee mwenyewe, katika kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ni wa Desemba 2004. Mwaka huo, katika fungu la muziki wa asili wa mataifa, iliteuliwa rekodi kutoka vilima vya karibu na Mbale, kaskazini ya Tororo. Waimbaji wake ni Abayudaya, jamii ya wananchi wa Uganda wanaoifuata dini ya Kiyahudi tangu zama za Semei Kakungulu, aliyefariki mwaka 1928. Ibada yao ilipigwa marufuku katika utawala wa Idi Amin miaka ya 1970, lakini wengine waliendelea nayo kwa siri, na nyimbo zao hazikupotea. Profesa Jeffrey Summit kutoka Marekani alikwenda kwao na vyombo vyake, akarekodi zaburi zao na nyimbo za kubembeleza watoto, na rekodi ikatolewa mwaka 2003 na Smithsonian Folkways, pamoja na kijitabu cha maelezo. Tuzo ilipotolewa Februari 2005 ilichukuliwa na Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini. Hata hivyo, vilima vya Mbale vilikuwa vimesomwa katika orodha.

Mzee aliandika pembeni: sawa. Chini yake, kwa kalamu nyingine, akaongeza swali: kwani wanaimba kuliko kwaya zetu za Tororo? Swali hilo lilikaa katika daftari bila jibu kwa miaka.

Ukurasa wa pili ni wa Desemba 2010. Mwaka huo Kiswahili chenyewe kiliingia mahali ambapo mzee hakukitazamia. Mtunzi wa Marekani aitwaye Christopher Tin alikuwa ametunga mwaka 2005 wimbo uitwao Baba Yetu, uliowekwa katika mchezo wa kompyuta. Maneno yake ni ya ile sala ijulikanayo na kila Mkristo, yakiwa yamepangwa kwa Kiswahili na Mkenya Chris Kiagiri. Miaka ikapita, wimbo ukipendwa na wacheza michezo tu. Mwaka 2009 mtunzi akauweka katika albamu yenye nyimbo 12 za lugha 12, pamoja na Royal Philharmonic Orchestra ya London, na waimbaji wa Soweto Gospel Choir wakauimba. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Tarehe 13 Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya upangaji wa vyombo vinavyomsindikiza mwimbaji, ukawa wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata Grammy. Albamu nzima nayo ikachukua tuzo ya muziki wa kiklasiki uliochanganywa na muziki wa namna nyingine.

Usiku ule mzee hakupiga meza. Alikaa kimya, akamwita mkewe aje asikilize, akamwonyesha kwa kidole pale ambapo matarumbeta huingia chini ya kwaya. Alichokitambua ni kwamba tuzo ya kwanza kati ya hizo mbili ilikuwa ya mwandishi wa nota. Wimbo ulikuwa uleule tangu 2005. Kilichoufikisha kwenye orodha ni kurekodiwa upya, kutolewa katika albamu, na kupelekwa.

Miezi michache baadaye, mwaka 2011, chama kilipunguza mafungu yake kutoka 109 hadi 78. Fungu la kiklasiki cha mchanganyiko likafutwa, na fungu la muziki wa asili wa mataifa likaunganishwa na jingine. Kwa bahati hiyo, madirisha mawili ambayo mzee alikuwa ameona watu wa karibu naye wakipita yalizibwa mwaka mmoja. Ghadhabu ikarudi, na meza ikapigwa kama zamani.

Mambo yaliendelea hivyo hadi Ijumaa ya tarehe 8 Novemba 2024. Jioni hiyo mjukuu alikuwa akisoma orodha, Mwalimu yuko kwenye kiti chake, na binti wa mzee, ambaye ni sajini wa polisi huko Tororo, alikuwa amekuja kwa mapumziko. Lilipofika fungu la albamu ya muziki wa dunia, likasomwa jina la Matt B, Mmarekani yuleyule aliyeteuliwa mwaka 2022 pamoja na Eddy Kenzo wa Uganda. Safari hii aliteuliwa pamoja na Royal Philharmonic Orchestra, ile okestra ya Baba Yetu. Mzee akasisimka. Akaanza kumweleza Mwalimu kwamba vinubi vya Padhola vingeweza kabisa kusimama mbele ya okestra kama hiyo, na kwamba shemeji yake, kaka wa mkewe, aishiye karibu na Nagongera, hupiga tongoli vizuri kuliko mtu yeyote aliyemo katika orodha ile.

“Mlete tumsikie,” akasema Mwalimu.

Mzee akamgeukia mjukuu. Siku ya Pasaka ya mwaka ule, familia ilipokwenda kumsalimu huyo shemeji, kijana alimrekodi kwa simu akipiga na kuimba, wimbo baada ya wimbo, karibu saa nzima. Wote walikumbuka. Kijana akaitazama simu, akapekua, akapekua tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

“Babu, nilifuta. Simu ilikuwa imejaa.”

“Ulifuta ili uweke nini?”

“Nyimbo, Babu. Na mchezo mmoja.”

Hakuna aliyesema neno. Jambo lililoufanya ukimya ule uwe mzito ni kwamba mwezi wa Agosti shemeji huyo alipatwa na kiharusi. Alipona, akasema na kutembea kwa fimbo, lakini mkono wake wa kuume haukurudi. Tongoli lake lilikuwa linaning’inia ukutani. Saa ile ya Pasaka haingeweza kupatikana tena.

Mzee alianza kuinua mkono kuelekea meza. Mkewe, ambaye katika miaka yote ya orodha hizo hakuwahi kusema zaidi ya kukaribisha chai, akamtangulia.

“Mzee,” alisema, “Wamarekani hawajamfuta ndugu yangu. Amefutwa humu ndani. Wewe una daftari la miaka yote hii, umeandika majina ya watu usiowajua hata sura. Jina la ndugu yangu limo?”

Halikuwamo.

Inafaa isemwe kwa haki kwamba kijana hakufanya ubaya wa makusudi. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kile kilikuwa na thamani. Siku ile ya Pasaka watu wazima walifurahi, wakacheka, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyeandika jina la wimbo hata mmoja, wala aliyemwomba mtoto atoe nakala. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Katika nyumba ile daftari lilikuwapo, ila lilikuwa la mali ya wengine.

Kesho yake, Jumamosi, sajini alimwomba mumewe, askari wa kambi ya Rubongi, awatafutie gari. Walikwenda Nagongera watu sita, Mwalimu akiwa miongoni mwao na kijana akiwa na simu iliyosafishwa. Walimkuta mgonjwa chini ya mwembe. Waliposema shida yao, aliwatazama sana, kisha akaagiza tongoli liletwe, akaliweka mapajani ingawa mkono haukuweza kulipiga.

Kazi iliyofanyika siku ile ilikuwa ndogo kwa macho, lakini ilihitaji watu wote sita. Mgonjwa aliimba maneno. Kisha, kwa mdomo, akaiga sauti ya nyuzi, wimbo mmoja baada ya mwingine, na mzee wa bendi akaandika kwa nota. Mwalimu aliandika sehemu ya waitikiaji kwa herufi za do-re-mi, kama zitumikavyo katika kwaya. Bibi aliandikiwa na binti yake maana ya kila wimbo kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye alikua akiusikia Kidhopadhola tangu utotoni. Kijana alishika simu, bila kutikisika, hata mkono ukafa ganzi.

Mambo matatu yalitokea ambayo mzee hakuyatazamia. La kwanza ni kwamba nota zake hazikutosha. Sauti moja ya tongoli ilikaa katikati ya nota mbili za klarineti, si hii wala si ile. Alipoiandika kwa nota ya juu, mgonjwa alitikisa kichwa. Alipoiandika kwa nota ya chini, alitikisa tena. Mwishowe akachora mshale mdogo juu ya nota, akaeleza pembeni maana yake. Ndipo mgonjwa akakubali. Mzee aliyekuwa amewalaumu wapimaji wa Marekani kwa mizani isiyofika kwao, sasa aliona kwamba hata mizani aliyoibeba mwenyewe maisha yake yote ilikuwa na upungufu.

La pili ni kwamba wimbo mmoja ulikataliwa. Ni wimbo wa msibani, na mgonjwa akasema hauimbwi pasipo maiti. Kijana akaambiwa azime simu, naye akazima.

La tatu lilikuwa la huzuni. Nyimbo mbili hazikupatikana kabisa. Mgonjwa alizijaribu mara kadhaa, akaanza, akakwama. Akaueleza mkono wake uliolala kwamba huo ndio uliokuwa ukizikumbuka, wala si kichwa. Nyimbo hizo mbili zilikuwamo katika rekodi ya Pasaka.

Msomaji anaweza kuuliza: je, kazi hiyo ya chini ya mwembe itafika katika orodha ya Novemba? Yamkini haitafika kamwe. Lakini yapo manufaa mengine yasiyohitaji gramafoni ya dhahabu. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi yote kati ya mwaka 1949 na 1952 akirekodi waimbaji wa makabila mbalimbali. Hakuna aliyepewa tuzo siku zile. Leo, wanafunzi wa muziki wakitaka kujua babu zao walipigaje, husikiliza kanda hizo, ambazo nakala zake zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere. Vivyo hivyo watunzi wa kiklasiki wa nchi hii walichota kisima hichohicho. Joseph Kyagambiddwa alitunga kazi kubwa ya kwaya juu ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza naye alichukua mapigo ya Kiganda akayaandika kwa fidla, hata Kronos Quartet wa Marekani wakamrekodi katika albamu ya mwaka 1992. Mtunzi hawezi kuchota kisima kilichokauka.

Familia za askari zina nafasi kubwa zaidi ya wengine katika kazi hii. Katika kambi moja huishi mama wa Karamoja, mama wa Nile Magharibi, mama wa Busoga na mama wa Ankole, na kila mmoja amekuja na nyimbo za kwao ambazo watoto wake, wakikua kwa Kiswahili cha kambini, huenda wasizijue. Tena askari huhamishwa mara kwa mara, na katika kuhama ndimo vitu hupotea. Kwa hiyo yafaa kila nyumba izingatie haya.

Kwanza, arekodiwe mzee angali ana nguvu, na chumba kiwe kimya: redio izimwe, kuku wafukuzwe, simu iwekwe karibu na mdomo au chombo, wala isiwekwe chini penye mtetemo. Pili, kabla ya wimbo, mwimbaji ataje kwa sauti yake jina lake, mahali, tarehe na jina la wimbo, ili rekodi isije ikawa yatima. Tatu, habari hizo ziandikwe pia katika daftari, pamoja na maana ya maneno na wakati wimbo unapoimbwa. Nne, ziwe nakala mbili katika nyumba mbili, maana simu huibwa, huanguka majini, na hujaa. Tano, aombwe ruhusa. Mwenye wimbo akikataa, akubaliwe. Na endapo wimbo ni wa mtu aliyeutunga mwenyewe, ajulishwe kwamba Uganda inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, inayomlinda mtunzi, na kwamba Ofisi ya Usajili ya Uganda huandikisha haki hizo. Sita, mtoto aliyeshika simu aelezwe anachokishika. Akieleweshwa, atakilinda kuliko mtu mzima.

Februari 2025 mshindi alitangazwa, na albamu ile ya Matt B pamoja na okestra ikachukua tuzo ya muziki wa dunia. Mzee wa Busia aliandika pembeni: sawa. Mwalimu alikuwapo, akatazamia hotuba ya kawaida juu ya wasahaulifu, lakini haikuja. Badala yake mzee aligeuza daftari, akaanzia nyuma, mahali palipokuwa pamebaki kurasa safi. Juu ya ukurasa wa kwanza lilikuwa limeandikwa jina la shemeji yake, na chini yake nyimbo kumi na moja kwa namba, kila moja na tarehe yake. Baada ya namba ya kumi na moja aliacha mistari miwili mitupu, akaiwekea alama ya kuuliza.

Katika ukurasa wa kinyume palikuwa na jina la mkewe. Chini yake hapakuwa na kitu bado.

“Huyu anaimba?” Mwalimu akauliza.

“Anaimba jikoni,” mzee akajibu. “Miaka arobaini nimemsikia, sikuandika hata nota moja. Amesema nije Jumapili, baada ya kanisa, nikiwa nimemaliza kumenya ndizi.”

Kijana alikuwa ameketi kizingitini, akifuta picha katika simu yake. Kila picha aliyotaka kuifuta, kwanza alimwonyesha babu.